Malalamiko: nimelipia mitetea watupu, nusu ni majogoo

Kwa meneja mauzo,

Habari za kazi. Naandika kuhusu vifaranga 50 wa chotara niliowachukua kwa wakala wenu hapa Morogoro, nikalipa bei ya juu kwasababu tangazo lenu na risiti vyote vinasema "mitetea watupu". Sasa hivi wana wiki 14, watatu walikufa wadogo na hao siwadai, waliobaki ni 47 na majogoo ni 24. Ishirini na nne jamani! Hiyo ni nusu kwa nusu, ndo mayai yanavyototoa yenyewe bila mtu kuchagua, sasa ile hela ya ziada nililipia kazi gani?

Tangu wiki ya 6 hivi nilishaanza kuwaona, wengine upanga wa kichwani umekua mwekundu na ndevu zinaning'inia, miguu minene, wenzao upanga bado mdogo umepauka. Nikampigia wakala akasema subiri mama, hao ni tembe, majike ambao hawajaanza kutaga, wamewahi kukomaa. Nikasubiri huku mifuko ya chakula inaisha. Leo hakuna ubishi tena, ukimshika tembe ukaangalia mgongoni pale karibu na mkia manyoya yake yana ncha ya mviringo, hawa wengine manyoya ni membamba yamechongoka, yanang'aa na kulalia ubavuni, shingoni vilevile, na mkiani yameanza kujipinda. Na alfajiri wanawika, sauti bado inakwaruza lakini wanawika.

Juzi wakala ananiambia eti huko kwenu mnafunua bawa la kifaranga wa siku moja mnajua kama ni jike au dume. Ndugu zangu, bawa linasema kweli pale tu wazazi walipopangwa, baba wa ukoo unaoota manyoya haraka na mama wa ukoo unaochelewa, hapo ndo jike anatoka na manyoya marefu ya bawa yamezidi yale yanayoyafunika, na dume yanalingana. Chotara wa kuchanganya tu bawa halikwambii kitu. Hata wale kuku wekundu wa mayai wanaojulikana kwa rangi siku ya kwanza, jike kahawia dume mweupe mweupe, nao wazazi wao wamepangwa. Bila hivyo inabaki kukagua tundu la haja, na hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea mwenye mkono mzoefu. Kama hamna mtu huyo andikeni "mchanganyiko" na muuze bei ya mchanganyiko, hakuna atakayewalaumu.

Na msinijibu kwamba nitawauza sikukuu. Mimi nafuga kwa ajili ya mayai, majogoo wawili watatu wangenitosha, hawa wanapigana mpaka panga zinatoka damu na tembe wanapandwa kila saa, mmoja mgongo umebaki ngozi tupu.

Ninachodai ni mnirudishie tofauti ya bei kwa hao 24, na mnilipe chakula walichokula tangu nilipompigia wakala wenu akaniambia nisubiri. Picha na risiti wakala anazo kwenye wasap yake. Naomba jibu la maandishi kutoka kwako meneja, sio kupitia kwake. Na tangazo lile litoeni leo hii, kuna akina mama wa kikundi chetu cha vikoba wameshaweka oda ya mwezi ujao wakijua wanaletewa mitetea.

Mteja wenu,
Morogoro