Mwanangu, usiongeze kilomita

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Buruburu. Umeniambia mwendo wako umepungua tangu utimize miaka 42, na dawa uliyojipa ni kuongeza kilomita kule Karura. Nimehudumia wagonjwa wa viungo maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nisikilize kabla hujafunga viatu.

Kinachopunguza mwendo si pumzi peke yake. Mkimbiaji akisogea umri, idadi ya hatua kwa dakika haibadiliki sana. Hatua yenyewe ndiyo hufupika, kwa kuwa shavu la mguu halisukumi ardhi kama zamani. Ndani ya msuli, nyuzi za kasi ndizo hunywea kwanza, na baadhi ya neva zinazoziamrisha hufa. Mbio za polepole hazizigusi sana nyuzi hizo. Jumapili nilikuona ukikimbilia matatu: visigino viliinuka kidogo tu, miguu ikikwaruza lami.

Kinachokufaa ni mazoezi ya uzito. Simama kwenye ngazi za ploti yenu, vidole ukingoni, visigino vikining'inia. Shika reli, jiinue kwa mguu mmoja, ushuke polepole. Ukizoea, vaa begi lenye pakiti za unga za kilo mbili, uongeze moja moja. Fanya goti likiwa limenyooka, kisha ulikunje kidogo, maana hapo ndipo msuli wa ndani wa shavu hufanya kazi zaidi, na wakimbiaji wengi huusahau. Mara mbili kwa wiki yatosha. Usiharakishe: kano ya kisigino hukawia kuimarika kuliko msuli. Ukiamka kisigino kinauma, punguza mzigo.

Tena ule vizuri baada ya mazoezi, mayai, ndengu au omena, si chai na mkate tu.

Wala usiseme umechelewa. Mkimbiaji wetu Edna Kiplagat alimaliza wa tatu katika marathoni ya Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44. Na huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulihusu wazee wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakitunzwa katika makao ya wazee. Walifanya mazoezi ya uzito wiki 8, na nguvu za mapaja yao zikaongezeka, kwa wastani, zaidi ya maradufu. Habari hiyo hunifurahisha kila nikiikumbuka.

Nitapita kwako Jumamosi mchana. Nataka kuona ukijiinua kwa mguu wa kushoto, maana huo ndio niliouona dhaifu zaidi.

Akupendaye,
Mama