Kabla hamjakaa kuzungumzia watoto

Shoga yangu,

Nimefurahi kusikia wewe na baba watoto, sasa mmeachana, mtakaa Jumamosi mpange mambo ya watoto. Ila mkifika hapo, ya ndoa yaacheni nje. Nani alimkosea nani, hilo lina siku yake, au halina kabisa.

Unasema mmeshakubaliana: wikiendi kwa baba, siku nyingine kwako. Hapo bado, shoga. Wikiendi inaanza Ijumaa wakitoka shule au Jumamosi asubuhi? Anawafuata nani? Mmoja akiamka na homa siku ya kwenda, anabaki? Ugomvi huzaliwa humo humo. Mimi na baba pacha tuliamua kukabidhiana watoto shuleni: mmoja anawapeleka asubuhi, mwenzake anawachukua jioni. Maneno ya mlangoni yakaisha, maana hatukutani. Likizo na sikukuu ziandikeni mbali, na zikigongana na ratiba ya kawaida, zenyewe ndizo zifuatwe.

Yule mdogo, wiki nzima bila kumwona mmoja wenu ni ndefu mno kwake. Bora baba aje mara nyingi kwa muda mfupi, muongeze siku kadiri anavyokua. Mkubwa msikilizeni anapenda nini, lakini asiulizwe anamtaka nani.

Kwenye pesa msiandike "tutasaidiana". Andikeni ada analipa nani, matibabu nani, na kwa tarehe gani. Akichelewesha, mdai, usimfungie watoto. Matunzo ni haki yao na kumwona baba ni haki yao nyingine. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 9, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale itakapomdhuru. Hiyo "isipokuwa" ina uzito wake. Angekuwa mtu wa kupiga, nisingekuandikia habari za ratiba. Ningekuambia nenda mahakamani moja kwa moja.

Mkikwama, tafuteni msuluhishi asiye ndugu wa yeyote. Mama yako nampenda, lakini hapana. Mkishasaini, ulizieni mahakamani jinsi ya kuyafanya makubaliano yawe amri, kwa sababu ahadi za hiari tu hulegea mmoja akipata mwenza mpya.

Rasimu nitumie Ijumaa niipitie. Na ongeza mstari mmoja: watoto wasifanywe matarishi, hata kwa ujumbe wa "mwambie baba daftari limeisha". Mpigie mwenyewe.

Wako,
Mama Pacha