Chanjo ya ng'ombe itangulie kiangazi

Mhariri,

Nafuga ng'ombe hapa Witu, Kaunti ya Lamu, na maziwa yao ndiyo karo ya wanangu. Naandika kuhusu ugonjwa wa miguu na midomo, na kuhusu chanjo inayotufikia wakati ng'ombe wameshaanza kuchechemea.

Asiyefuga huenda akauona ugonjwa mdogo kwa kuwa ng'ombe mzima ni nadra kufa nao. Aje zizini alfajiri. Udenda unaning'inia hadi karibu na ardhi, ng'ombe anatafuna midomo mitupu, na ulimi umebabuka. Anainua mguu huu, anautua, anainua ule. Nyasi ziko mbele yake lakini hazili. Chuchu nazo zina malengelenge, hivyo ukimgusa kumkamua anarusha teke, na hata ndama wake humfukuza. Huyo ndama ndiye wa kuhurumiwa zaidi, maana kirusi hiki humshambulia moyo. Jioni unamwacha amesimama, asubuhi unamkuta amelala ubavu, amekufa, pengine bila kidonda chochote mdomoni. Msimu uliopita nilizika ndama jike niliyemtegemea. Mama yake alipona, lakini maziwa hayajarudi kama zamani.

Tulipopiga ripoti tuliambiwa tungoje, chanjo haipo. Ilipofika, karantini ilikuwa imeshawekwa na zizi zima la jirani yangu linaugua. Sipingi karantini. Kirusi hiki husafiri kwa mate, kwa maziwa, kwa viatu vya mchungaji na magurudumu ya lori. Hata punda, ambaye haugui, anaweza kukibeba kwatoni. Ninachopinga ni kuifanya karantini ndiyo dawa.

Wazee huuliza: sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilikwisha, mbona huu hauishi? Ni kweli, sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na chanjo yake iliyofaa zaidi ilitengenezwa papa hapa Kenya, Muguga. Dozi moja ilimkinga ng'ombe kwa miaka mingi. Miguu na midomo ina aina saba za kirusi, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Kenya tunasumbuliwa na O, A, SAT 1 na SAT 2. Tena kinga hudumu kama miezi sita tu. Kwa hiyo kuchanja baada ya mlipuko, kisha kunyamaza hadi mlipuko mwingine, ni kutwanga maji kwenye kinu.

Majira yanajulikana. Vuli ikikatika, mifugo kutoka Garissa na Tana River huteremka kutafuta malisho na maji huku kwetu, na makundi yote hukutana kwenye mabwawa yale yale. Sisemi hili kuwalaumu wenzetu wanaohamahama. Ng'ombe wao nao wanaugua, na ukame hauwaachii pa kwenda. Wachanjwe wao na wetu, Novemba na tena Mei, kila mwaka. Na mlipuko ukitokea, sampuli zipelekwe haraka maabara ya ugonjwa huu iliyoko Embakasi, Nairobi, na sisi wafugaji tuambiwe ni aina gani, ili tujue kama chanjo tunayoletewa ndiyo yenyewe.

Wengi wetu tuko tayari kuchangia gharama. Tutangaziwe tarehe mapema, misikitini, makanisani na redioni, nasi tutawazuia ng'ombe zizini siku hiyo.

Mfugaji,
Witu, Lamu