Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: siri ya jeshi isiue ushindani

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia juu ya tenda za jeshi, na sio kuuliza nani amekula nini, hiyo tuwaachie EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Nataka tuongee vile tenda zenyewe zinapangwa, kwa sababu pesa nyingi inapotelea hapo kabla hata mtu hajaiba.

Sheria ya ununuzi ya 2015 inaruhusu vyombo vya usalama kununua vitu vingine kwa siri, na ni sawa, hakuna Mkenya anataka Al-Shabaab wajue redio za wanajeshi wetu zinafanya kazi vipi. Lakini kuficha kifaa ni kitu kimoja, kuita kampuni moja peke yake ni kingine kabisa. Ita tatu ama nne zilizochunguzwa, wakubwa wao wale kiapo, halafu wapigane na bei mlango ukiwa umefungwa. Wanauchumi Jeremy Bulow na Paul Klemperer walionyesha kwa hesabu mwaka 1996 kwamba kwa muuzaji, mnunuzi mmoja zaidi kwenye mnada anaweza kuwa na faida kuliko ujanja wote wa kupatana, na kwa sisi tunaonunua hesabu inageuka tu upande. Mtu yeyote amewahi kununua nguo Gikomba anajua bei inashuka ukianza kuelekea kibanda cha jirani. Na siri ikizidi maswali yanakuja kama mmeshachelewa, tuliona na KNS Jasiri, meli ya jeshi letu la majini, mkataba wa 2003, maswali yakazuka, malipo yakasimama, meli ikafika Mombasa 2012.

Halafu hii ya kuchukua bei ya chini kila mahali. Kwa buti na unga sina shida, bora mwangalie kama kampuni ni zile zile zinapeana zamu ya kushinda. Lakini kwa kitu ambacho bado hakijaundwa hakuna anayejua gharama kamili, kila mtu anakisia, na anayeshinda mara nyingi ni yule amekisia chini kupita kiasi, wanauchumi wanaiita laana ya mshindi. Boeing walishinda 2011 ndege za Marekani za kuongeza mafuta angani kwa bei isiyobadilika, walitakiwa wapeleke 18 kufikia 2017, ya kwanza ikapokelewa 2019 na hasara yao imepita dola bilioni 7. Wao waliweza kuimeza. Kampuni ndogo ingerudi kwako kuomba nyongeza, na wewe huna pa kwenda kwa sababu wengine washatoka.

Marekani hao hao 1984 waligawa injini za ndege za kivita kati ya General Electric na Pratt & Whitney, na fungu la kila mwaka likawa la kupiganiwa. Najua sisi tunanunua kidogo, meli moja haigawiki, lakini spea, matengenezo na magari yanagawika.

Kwa hivyo ombi langu ni hili: kila mara mkiita kampuni moja pekee, andikeni sababu na mpeleke kwa kamati ya bunge ya ulinzi kabla ya kutia saini, hata kama ni kikao cha faragha.

Wako,
Mlipa ushuru, Nairobi