Ndege ya mbao ina nafasi yake katika karakana ya useremala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba karakana za useremala za mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi sekondari, zinatakiwa kufundisha vitanda, madawati na makabati peke yake, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyopata wanunuzi, na kwamba mwalimu anayewaacha wanafunzi watengeneze ndege za kuongozwa kwa rimoti anachezea mbao zilizonunuliwa kwa jasho la wazazi. Hoja yake imenigusa, kwa sababu huu ni mwaka wangu wa 27 nikifundisha useremala hapa Moshi, na tangu mwaka jana mimi na wanafunzi 9 tunajenga ndege ya aina hiyo hiyo anayoilaumu, tena kubwa, tena mfano wa ndege ya vita.

Sina ugomvi na dawati. Nimetengeneza mengi, na kijana akiondoka kwangu bila kujua kuchonga kiungo cha ulimi na tundu kikakaa bila kucheza, nitahesabu kwamba sikumfundisha. Lakini dawati lina huruma. Mguu mmoja ukipungua milimita tatu, mtu hukunja kipande cha boksi akakiweka chini yake, na mwanafunzi atakalia kosa lile miaka kumi bila kulijua. Bawa la ndege halina huruma hiyo. Likijipinda, upande mmoja hubeba kuliko mwingine, na ndege huanza kulalia ubavu tangu inapoacha ardhi. Katika miaka yangu yote sijaona kazi nyingine ya mbao inayomrudishia kijana kosa lake waziwazi namna hii, na ndiyo sababu nimeipeleka karakanani.

Ndege tuliyoichagua ni de Havilland Mosquito ya Uingereza, yaani mbu. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940 huko Hatfield, wakati alumini ikigombewa na viwanda vyote vya ndege na wakubwa wengi wa serikali wakiona haiwezekani kwenda vitani na ndege ya mbao. Boriti za bawa zilikuwa za msprusi, mti wa jamii ya misonobari, na plaiwudi. Ngozi ya kiwiliwili ilikuwa ya balsa, mti mwepesi wa Ecuador, iliyobanwa katikati ya plaiwudi mbili nyembamba za betula, mti wa nchi za baridi, na kiwiliwili chenyewe kiliundwa kwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, juu ya kalibu za mbao au za zege. Nyaya na mabomba yakafungwa ndani ya kila nusu, kisha nusu hizo zikaunganishwa kama maganda mawili ya karanga. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na viwanda vya samani, vikiwamo vya mji wa High Wycombe, pamoja na mafundi wa piano. Kwa hiyo watu waliokuwa wakitengeneza viti na makabati, vitu vile vile ambavyo msomaji mwenzangu anataka tuishie hapo, ndio waliotengeneza ndege iliyopita kilomita 600 kwa saa, na mpaka utengenezaji wake uliposimama mwaka 1950 zilikuwa zimejengwa 7,781.

Yapo maswali ya haki kuhusu kumpa kijana ndege ya vita aitengeneze, nami nilijiuliza kabla ya kuulizwa. Tumechagua aina ya Mosquito iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga picha kutoka angani, ambayo haikubeba bunduki hata moja. Ndege za aina hiyo ziliruka kutoka India kupiga picha za Burma, Myanmar ya leo, na mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, marehemu babu yangu akiwa miongoni mwao, walikuwa wakitembea katika tope la bonde la Kabaw, huko huko Burma, kuelekea mji wa Kalewa, wakisubiri chakula kidondoshwe kwa miavuli. Babu alirudi kwetu Uru na kikombe cha bati na homa isiyokwisha, na alikuwa akitazama juu kila ndege ilipopita hadi alipofariki. Wanafunzi wangu wanaijua habari hiyo, na ninaona wanashika msumeno kwa heshima zaidi tangu waijue.

Ndege yetu ni ya kipimo cha moja kwa sita. Mosquito halisi ilikuwa na mita 16.5 kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine. Yetu ina mita 2.75, na tunatarajia uzito wake usizidi kilo 14 ikiwa na mota zake mbili za umeme na betri. Hapo tu, kabla hatujagusa mbao, tulitumia vipindi viwili vya hesabu: ukigawa urefu kwa 6, eneo la bawa hugawanyika kwa 36 na ujazo kwa 216, kwa hiyo huwezi kuchukua mchoro wa ndege kubwa ukaupunguza kila unene kwa kiasi kile kile ukadhani umemaliza. Tulikokotoa pia hewa. Moshi iko takriban mita 850 juu ya usawa wa bahari, na siku ya joto la nyuzi 30 hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ile ya vitabuni, inayopimwa usawa wa bahari kwa nyuzi 15, jambo linalodai kasi ya kupaa iongezeke kwa karibu asilimia 8. Wenzetu wa Kisongo, Arusha, walio juu zaidi, wangehitaji kasi kubwa kuliko hiyo. Mwanafunzi aliyekuwa akikimbia kipindi cha hesabu ndiye aliyeniletea jibu hilo.

Balsa hatuna. Mbavu za bawa tumezikata kwenye plaiwudi ya milimita 3, kila moja ikatobolewa matundu ya kupunguza uzito, na boriti tumezichana kwenye saipresi, tukichagua ubao ambao nyuzi zake zinakwenda sambamba na ukingo kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Kalibu ya kiwiliwili ni ya saruji, na aliyetusaidia kuimwaga ni fundi mwashi wa mtaani kwetu. Haya yalikwenda vizuri. Lililotuangusha ni bawa la kwanza, na ninaliandika kwa kirefu kwa sababu ndilo lenye somo ambalo dawati halikunipa kwa miaka 26.

Bawa hilo tulilijenga mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea. Mbao tuliuziwa tukiambiwa ni kavu kabisa, nami niliamini kwa kuigonga kwa kidole na kusikiliza, kama nilivyozoea. Mwezi wa Julai mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alilishusha kutoka darini, akalilaza juu ya meza ya kioo tunayopimia, akaniita. "Mwalimu," alisema, "gundi imeshika lakini mbao imekataa." Ukingo wa nyuma wa bawa, kwenye ncha, ulikuwa umeinuka milimita 9 kutoka kwenye kioo. Tulikata kipande cha ubao ule ule uliobaki, tukakipima kwenye mizani kikawa gramu 118, tukakiweka kwenye joto la nyuzi 103 na kukipima tena na tena hadi kikaacha kupungua, kikawa gramu 92. Tofauti ya gramu 26, ukiigawa kwa 92, ni asilimia 28 ya maji, ilhali ubao wa kazi ya namna hii unapaswa kuwa karibu na asilimia 12. Tulikuwa tumegundisha mbao mbichi.

Nilidhani kisa kimeishia hapo, mpaka tulipoanza kulifumua bawa. Kiungo cha tatu kutoka shinani kilifunguka kwa ncha ya kisu bila nguvu yoyote. Ndani yake gundi ilikuwa imekauka ikiwa na uso laini unaong'aa kama kioo, bila alama hata moja ya nyuzi za mbao, na kila seremala anajua maana yake: gundi ile haikuwahi kugusana na ubao wa pili. Klampu zilikuwa zimebana, kwa nje kiungo kilionekana kimefumba, lakini ndani kulikuwa na nafasi. Nilinyamaza kwa muda. Kisha nikawaeleza kwamba jambo hili hili liliwakuta waliojenga ndege halisi, kwani mwaka 1944 baadhi ya Mosquito zilizokuwa India zilivunjika mabawa, na lawama ya kwanza ikaenda kwa joto na unyevu, hasa kwa sababu gundi ya kasini iliyotumika mwanzoni hutengenezwa kwa maziwa na huliwa na ukungu; wachunguzi walipofungua mabawa wakakuta kwamba mahali pengine vipande havikuwa vimekaa sawasawa kwenye maungio, na gundi ilikuwa imeachiwa kuziba nafasi ambayo randa ndiyo iliyopaswa kuiondoa.

Tangu siku hiyo hakuna kiungo kinachopakwa gundi katika karakana yangu kabla ya kupimwa kwa chaki. Mwanafunzi husugua chaki upande mmoja, hukibana kiungo kikavu, hukifungua, kisha hutazama chaki imehamia wapi. Palipobaki patupu hapajagusana, na hurudi kwenye randa au msasa mpaka chaki ihamie kote. Ni kazi ya kuchosha, na mara ya kwanza kiungo kimoja kilichukua asubuhi nzima. Sasa wanafanya hivyo hivyo kwenye viti wanavyotengeneza kwa ajili ya kuuza, bila mimi kuwaambia, na viti hivyo havirudishwi. Ningependa msomaji mwenzangu alitilie maanani hili, kwa kuwa wasiwasi wake ni wa soko: mnunuzi wa kiti cha mwaka huu amefaidika na bawa lililoharibika mwaka jana.

Kuhusu gharama, mbao, plaiwudi na gundi kwa ndege nzima hazijafika gharama ya makabati mawili ya nguo. Kinachokula fedha ni mota, betri, sevo (vimota vinavyosogeza mabapa ya kuongozea ndege) na rimoti, na hivyo sikuwachangisha wazazi hata shilingi moja. Tumevinunua kidogo kidogo kutokana na viti tulivyouza, na vikitolewa kwenye ndege hii vitaingia kwenye nyingine. Kuhusu usalama sina mzaha hata kidogo. Kitu cha kilo 14 kikianguka juu ya mtu kinaua, na huku kwetu kuna uwanja wa ndege wa Moshi na njia za kuingilia KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, kwa hiyo ndege hii haitaacha ardhi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala haitarushwa karibu na nyumba, shule au barabara. Kama idhini haitapatikana, itabaki karakanani, na kila nilichokieleza hapa kitakuwa kimekwisha kufundishwa.

Ninachoomba kwa wanaosimamia mkondo wa amali, ulioanza mwaka 2024 na ambao ninautakia mema kwa moyo wote, ni kwamba kila karakana ya useremala iruhusiwe kuwa na kazi moja ya namna hii pembeni ya samani, kazi ambayo kipimo chake hakidanganyiki. Isiwe lazima ndege, hata mtumbwi wa mbio au ala ya muziki itafaa. Na sisi wa Kilimanjaro hatuna kisingizio. Mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai yako jirani, na Chuo cha Viwanda vya Misitu kiko hapa hapa mjini, kikifundisha mambo ya mbao ambayo walimu wengi wa sekondari, nikiwamo mimi, tunayahitaji sana, kuanzia namna ya kukausha ubao hadi kupima maji yaliyomo.

Bawa la pili la kulia lilikamilika mwezi uliopita. Tuliligeuza chali, tukalifunga shinani kwenye benchi, tukapanga juu yake mifuko 14 ya mchanga, ya kilo mbili kila mmoja, ambayo ni mzigo litakaoubeba ndege ikigeuka kwa nguvu mara nne ya uzito wake, kwani nusu ya nguvu hiyo hubebwa na bawa la pili. Ncha ilishuka milimita 31. Tulingoja dakika tano bila mtu kusema neno, tukaondoa mifuko mmoja mmoja, na ncha ikarudi ilipokuwa. La kushoto tumeanza kulisugua chaki juma hili na litapangiwa mchanga mwishoni mwa mwezi ujao, Jumamosi asubuhi. Msomaji mwenzangu anakaribishwa kwa mikono miwili aje aipange mifuko pamoja nasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa useremala,
Pasua, Moshi