Mwanangu, usiwachape watoto kwa maneno usiyoyaelewa

Asalaam aleikum mwanangu.

Nimeona nikuandikie kabla hujapanda basi, maana tukikaa kuongea unaniambia mama nimeshasikia alafu unaingia chumbani, na hili sitaki ulisikie nusu. Ile video ya mwalimu anayechapa watoto inayozunguka kwenye magrupu umeiona, najua umeiona maana wewe ndo uliyemtumia mama yako mdogo. Watu wote wanaongelea viboko vyenyewe. Mimi kilichonikaa rohoni ni ile sababu iliyosemwa, kwamba watoto walikuwa wanaongea maneno yao ya siri huku wanacheka, mwalimu akaona anatukanwa. Tangu siku hiyo nikilala nakuona wewe ndo umesimama pale.

Usinune. Nakujua mimi. Wewe ukipita barazani watu wakacheka, tayari umeshajua wamekucheka wewe, na hiyo siyo tabia ya juzi. Sasa unaenda Kasulu, umepangiwa darasa la kwanza, watoto wanaotoka nyumbani wanaongea Kiha na wewe Kiha hujui hata kuitikia salamu. Watanong'onezana mbele yako, watakupa jina, watacheka. Nakuomba mama, ukisikia watoto wanaongea usichokielewa usikimbilie fimbo.

Na usidhani sijafurahi. Ajira ilivyotoka nimemwambia mpaka muuza mkaa, mpaka yule baba wa saluni ambaye hatusalimiani vizuri. Mwanangu mwalimu wa serikali, alhamdulillah, miaka yote ya kuzunguka na bahasha imeisha. Ndo maana naogopa, kazi umeitafuta kwa shida uje uiharibu kwa hasira ya dakika moja.

Ya wewe na kaka yako na ile lugha yenu ya siri ya P sina haja ya kukurudishia, unayajua kuliko mimi. Utaniambia mbona mezani nilikuwa nawanyamazisha. Mezani ni mezani, mgeni amekaa na nyie mnachomeka pa na pi kila silabi, baba yenu alikuwa hapendi, basi tuliache hilo.

Ila yetu sisi hujawahi kuiuliza. Sisi kule Unguja, Ng'ambo, tulikuwa na kinyume. Unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele, basi. Twende inakuwa ndetwe, maji jima, chapati tichapa, fimbo mbofi. Ukiandika inaonekana rahisi, ila mtu akiongea haraka mkubwa haambulii kitu, kwa sababu ule mkazo wa neno nao unahama, sikio linasubiri mwaLImu linaletewa muMWAli. Tukiwa chuoni, yaani madrasa, tunasoma, mmoja anakaa karibu na dirisha kazi yake ni kusema mumwali jaanaku, tukisikia hivo kila mtu juzuu mkononi. Hapo kuna tusi gani? Siri zetu nyingi zilikuwa hizo hizo, nani ana pesa, embe limefichwa wapi, twende pwani kabla ya alasiri, njaa inauma. Mwalimu angeambiwa maana yake angechoka bure.

Na kuna maneno yalikuwa yanatugomea. Mama ukiipindua inarudi mama. Baba, dada, kaka, bibi, zote zinabaki vile vile, hata pipi inabaki pipi. Kwa hiyo ukitaka kumsema dada yako mbele yake kwa kinyume lazima umtafutie jina lingine, laa sivyo anasikia dada katikati ya maneno anajua anasemwa yeye. Wewe utafikiri watoto wamekaa kikao kupanga sheria kumbe hakuna aliyetufundisha, tulipokea kwa wakubwa wetu kidogo, na wale walipokea kwa waliowatangulia. Mjomba wako wa Mkunazini anapenda kusema kwamba askofu Edward Steere, yule aliyejenga kanisa pale palipokuwa na soko la watumwa, alishakiandika kinyume kwenye kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, akaeleza hivo hivo, silabi ya mwisho inaletwa mbele. Huo ni mchezo ulioanza kabla ya bibi zetu kuzaliwa mwanangu, umepita kwenye midomo ya watoto tu, shule haijausaidia. Hata Ufaransa vijana wanapindua silabi, wanaita verlan, na jina lenyewe ni neno lililopinduliwa, leo baadhi ya maneno yake yamo kwenye kamusi zao.

Sasa nikuulize wewe mwenye cheti. Mnafundisha KKK, kusoma kuandika kuhesabu, na kwenye kusoma kazi kubwa ya darasa la kwanza si ni mtoto ajue neno linakatika wapi? Mtoto anayecheza kinyume ameshalikata kabla hujashika chaki. Chukua neno mtoto. Ukimuuliza mtu mzima ina silabi ngapi wengi watakwambia mbili, ila mtoto wa kinyume anakwambia tomto, yaani anajua ile m imesimama peke yake, ni silabi nzima, na hajawahi kuambiwa na mtu. Tulikuwa tunagombana kuhusu mbwa, mbwa anakataa kupinduka, kila mtaa ulikuwa na lake, na kule kugombana ndo kusoma kwenyewe. Halafu mwalimu anakuja na fimbo kuizima akili hiyo, kesho analalamika darasa lake halijui kusoma!

Jirani yetu wa chumba cha mbele mtoto wake yuko ingilishi midiamu, huko akiongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anatembea nacho mpaka amsikie mwenzake naye ateleze amvishe. Watoto wanawindana mwanangu. Yule mtoto siku hizi akirudi hasemi, anaitikia kwa kichwa, mama yake anasema ni adabu. Mimi namuona si adabu ile. Juzi kaka yako alimuongelesha kwa P, nipi napa, mtoto akacheka mpaka akakaa chini, jioni nikamsikia uani anawafundisha wenzake. Sauti ikarudi. Kwako darasa ni la Kiswahili, na najua ni kazi yako wakijue, wafundishe vizuri wakijue kuliko sisi, lakini Kiha chao wasikione ni kosa, na mchezo wao usiwekewe kibao.

Ya sheria unayajua, uliyasoma chuo. Kanuni inasema viboko visizidi 4, mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Sasa utaandika nini kwenye hicho kitabu, kosa alinong'ona? Ukiona mkono umeanza kuwasha toka nje, nenda kanywe maji, nipigie mimi, hata kama ni saa nne asubuhi ntapokea.

Siyo kwamba kila siri uiache ipite, hapana. Kuna vitu viwili ukiviona amka. Cha kwanza ni wakiitumia kumtenga mmoja, yaani kundi zima linaongea na mtoto mmoja kila siku ndo hajafundishwa, anabaki anawatazama midomo. Hilo liingilie, ila kwa mdomo, na uhakikishe yule mtoto naye anafundishwa, ukiwakataza tu wote watamchukia yeye. Cha pili ni mtu mzima kuwa na maneno ya siri na mtoto, awe mwalimu mwenzako, awe mwenye duka, awe nani. Hapo usicheke hata kidogo, fuatilia mpaka mwisho na umwambie mwalimu mkuu. Watoto kwa watoto wacheze, mtu mzima hana biashara na siri ya mtoto.

Na wewe ingia na michezo yako. Usiende na mwanzo wa kitabu siku ya kwanza. Sema kitendawili, waache waseme tega, wape nyumba yangu haina mlango, yai hilo watalijua haraka, ukiongeza mgumu wakishindwa waambie wakupe mji. Watakupa Kasulu, watakupa Kigoma, watakupa na vijiji hujawahi kusikia, na wewe ukishindwa cha kwao uwape Dar es Salaam, waulize wataifanyia nini. Wale wa Liwale wala wali wa Liwale wajaribu wote ulimi ujikwae, na wewe ujikwae mbele yao, hupungukiwi heshima. Wakishakuzoea waombe wakufundishe lugha yao ya siri kama wanayo. Wakikataa waache. Usiwabane, usimnunue mmoja kwa pipi aje akwambie wenzake wanasema nini, huko ni kumfundisha mtoto kuuza wenzake na utamharibu wewe mwenyewe.

Na lile jina watakalokupa, utalijua tu siku moja, litakuwa linahusu kutembea kwako au hayo mawigi. Sisi mwalimu wetu wa hesabu tulimwita jina alilokuja kulijua ameshastaafu, na alikuwa tunayempenda. Kwa hiyo ukilisikia jina lako usilifanye kesi. Nasema tena, usilifanye kesi.

Blanketi zito nimeliweka kwenye lile begi la bluu, Kasulu usiku kuna baridi siyo kama huku Tandika unalala na khanga moja. Dawa za kifua ziko mfuko wa pembeni. Sufuria ndogo usiiache, usiende kuazima sufuria kwa walimu wenzako wiki ya kwanza, wanakuchukulia hivo mpaka mwisho. Yule mpangaji wa nyuma bado hajalipa, kaka yako anasema nimwongezee mwezi, mimi naona anatuzoea, na luku imeisha jana usiku freezer limeyeyuka maji jikoni kote, barafu za biashara zote zimepotea. Usiniwazie lakini, ntajipanga, mshahara wako wa kwanza usinitumie wote kama ulivyosema, nunua godoro kwanza, mgongo wako ule. Mtu akija Dar nitumie dagaa wa Kigoma na mawese dumu dogo, migebuka ikiwezekana ila iwe imekauka vizuri, mara ya mwisho mama yako mdogo aliletewa mibichi mibichi ikanuka basi zima.

Kaka yako atakupeleka stendi ya Magufuli na bodaboda, mabegi yatangulie na bajaji, nimeshaongea na kijana wa hapo kona. Mkubaliane bei kabla hajapakia. Na usiku huu, kama unanipenda, ukae na yule mtoto wa mbele dakika mbili umwongeleshe P, anakuulizia toka juzi kama kweli unaondoka.

Ukifika nibipu, ntakupigia mimi, vocha yako itunze.

Mama yako