Salamu za Nyerere Day kwa ndugu, jamaa na marafiki

Wapendwa za asubuhi, shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Nawatakieni nyote heri ya Nyerere Day, Mungu awajalie afya, riziki na amani majumbani mwenu.

Mwaka huu umetubana jamani, mafuta ya kula hayashikiki, gesi ndo usiseme, nauli imepanda na mshahara ni ule ule. Na kwetu sisi hii ndo Oktoba 14 ya kwanza bila mama. Mtaniwia radhi nikimtaja, ila siwezi kumkumbuka Mwalimu Nyerere nikamwacha yeye. Mama utotoni hakupelekwa shule, kusoma kajifunzia ukubwani, kisomo chenye manufaa, yale madarasa ya watu wazima ya enzi za Mwalimu, jioni akitoka shamba na mtoto mgongoni. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake nikakuta daftari, jina lake limejaa ukurasa mzima kwa penseli, mistari ya juu herufi zimelala ovyo, ya chini zimenyooka. Mpaka anafariki hakuna aliyemwekesha tena dole gumba, alikuwa anasaini.

Wengine watamkumbuka Mwalimu kwa TANU ya 1954, Uhuru wa 1961, Muungano, vita vya Kagera, sawa kabisa. Wapo wenye machungu ya Operesheni Vijiji, maana watu walihamishwa kwa nguvu, na foleni za sukari nazo tulipanga, hayo tusiyafiche. Lakini mtu aliacha kazi ya ualimu Pugu 1955 kwa ajili ya nchi, akaongoza zaidi ya miaka 20, akang'atuka 1985 kwa hiari yake akarudi Butiama kulima, jamani nani leo anaweza?

Sasa ndugu zangu, hela ya watu ni ya watu, uwe waziri, uwe mwenyekiti wa mtaa, uwe mweka hazina wa vikoba. Rushwa tunayoilaani huko juu ndo ile ile tunayompa trafiki barabarani. Na leo tusiishie kulala na kula nyama, waiteni watoto muwasimulie, yule wa darasa la tatu akusomee kitu umsikie kama anajua kweli, na dada wa kazi kama hajui kusoma mfundishe, usimcheke, kaa naye hata nusu saa jioni.

Mwalimu na wazee wetu wote waliotangulia, Mungu awapumzishe kwa amani, na Waislamu wenzetu tunaomba dua zenu. Misa ya mama itakuwa Novemba, tarehe nitawajulisha.